Nimeambiwa nipande daraja: je, nibadilishe na mota?

*"Nina gari la rimoti la kipimo cha 1/10, la kukimbia kwenye udongo, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Msimu mzima nimeshindana daraja la wanaoanza nikiwa na mota ya 17.5, na mara nyingi namaliza wa kwanza au wa pili. Sasa msimamizi wa mbio ameniambia msimu ujao nipande daraja la kati. Wenzangu wanasema huko nitaachwa mbali nisipoweka mota ya 13.5. Kuna mmoja tayari yuko daraja hilo, ana mota ya 17.5 kama yangu na betri kama yangu, lakini kwenye sehemu iliyonyooka ananiacha kana kwamba nimesimama. Nahisi amechezea mota. Na juzi gari langu lilizuiwa kwenye ukaguzi kwa sababu taa ya kontrola, kile kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, haikuwa inapepesa. Sielewi taa inahusiana nini na mota. Nifanye nini?"*

Ndugu yangu, hongera kwanza kwa msimu mzuri. Hofu yako naielewa: umezoea kumaliza mbele, sasa unapelekwa mahali ambapo huenda ukawa mkia, na dawa unayopewa ni kununua kasi. Jibu langu ni hili: panda daraja, na mota yako ibaki ileile. Lakini nisipokueleza kwa nini, utashawishika tena wiki ya pili baada ya kupitwa mara mbili tatu, kwa hiyo nivumilie.

Wenzako wamechanganya vitu viwili. Kanuni za mota hupima gari, madaraja ya ustadi hupima mtu. Ni kama ndondi: bondia ana uzito wake na ana kiwango chake cha uzoefu, na kupanda kiwango hakumlazimishi kuongeza kilo. Kwenye mbio zetu, "stoku ya 17.5", yaani mbio ambazo kanuni imewawekea wote mota ya namba moja, ni habari ya gari. "Wanaoanza", "kati" na "wataalamu" ni habari ya dereva. Klabu inaweza kuwa na wanaoanza wa 17.5, wa kati wa 17.5 na wataalamu wa 17.5, wote wakiwa na mota moja. Kwenye mbio kubwa za stoku utawakuta madereva wenye miaka mingi ya mbio, na hakuna anayewaambia kwamba wako daraja la watoto. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, soma karatasi ya kanuni za klabu yako uone daraja la kati limeandikiwa mota gani. Ikiwa imeandikwa 17.5, mota ya 13.5 haitakusaidia chochote. Itakuondoa kwenye matokeo tu.

Sasa tuje kwenye namba yenyewe, kwa sababu watu wengi huitaja bila kujua inahesabu nini. Mota zetu zisizo na brashi zina koili tatu zilizosukwa kwenye stata, sehemu isiyozunguka, na rota yenye sumaku inazunguka katikati. Namba 17.5 ni idadi ya mara waya ulivyozungushwa kwenye koili. Namba ikishuka, mota inakuwa kali zaidi: 21.5 na 25.5 ni za upole na hutumika kwenye madaraja ya mwendo wa chini, 17.5 ndiyo stoku kwenye mbio nyingi za kipimo cha 1/10, 13.5 hupewa magari na madaraja yenye kasi zaidi, na chini ya hapo unakaribia daraja la mota huru, ambako kila mtu huchagua namba anayoimudu. Ukisikia wazee wa mchezo wakisema stoku ni 27, wanazungumzia mota za brashi za zamani. Hesabu zile hazilingani na hizi, usizilinganishe.

Kwa nini waya mchache ulete kasi? Mota inapozunguka, sumaku zake zinapita mbele ya koili, na koili huzalisha umeme wake unaopingana na ule wa betri. Mota huongeza mwendo mpaka umeme huo wa upinzani unakaribia kulingana na wa betri. Hapo ndipo mwisho wake. Koili yenye mizunguko michache huzalisha upinzani kidogo kwa kila mwendo, kwa hiyo mota inalazimika kuzunguka haraka zaidi kabla ya kufika ukutani. Chukua 17.5 ugawe kwa 13.5, unapata karibu 1.3. Yaani kwa betri ileile, taimingi ileile (nitaieleza tukifika kwenye taa) na rota ya aina moja, mota ya 13.5 inaelekea kuzunguka kasi zaidi kwa kama asilimia 30.

Hiyo ndiyo sehemu inayosifiwa. Ile isiyosemwa ni kwamba fundi akijaza nafasi ileile ya chuma kwa waya mchache, hutumia waya mnene zaidi, na ukinzani wa koili unashuka hadi karibu asilimia 60 ya ule wa mwanzo. Betri inamwaga umeme mwingi zaidi, na joto linapanda upesi ukikosea gia. Gari likienda kasi kwa asilimia 30 zaidi, nishati linayobeba linapogonga ubao wa pembeni huongezeka kwa karibu asilimia 70, kwa sababu nishati hufuata kasi mara kasi. Mikono ya mbele inayovunjika, vishikio vya magurudumu, gia ya servo, kimota kinachogeuza usukani: vyote vinalipa hesabu hiyo. Na wewe una sekunde ileile ya kufikiri uliyokuwa nayo jana.

Tuje kwenye taa, maana hapa najua umeumia bila kuelewa kosa lako.

Ndani ya mota yako kuna vihisio vinavyoiambia kontrola rota iko wapi wakati huu, ili iwashe koili inayofuata kwa wakati wake. Umeme haujai kwenye koili papo hapo. Unachukua muda mdogo. Mota ikienda kasi sana, muda huo mdogo unakuwa mkubwa kwake. Kontrola ikiwasha koili mapema kidogo kuliko nafasi halisi ya rota, umeme unakuwa umeshafika sumaku inapofika, na upinzani wa mota unapungukiwa nguvu. Matokeo ni mwendo mkubwa zaidi, kwa gharama ya umeme na joto. Kuwasha huko mapema ndiko kunaitwa taimingi, na hupimwa kwa nyuzi za pembe. Kontrola za kisasa zinaweza kuongeza taimingi zenyewe kadiri mota inavyokimbia, na nyingine huongeza tena kiasi cha ziada ukishafungua mafuta yote, yaani kuvuta kichapuzi cha rimoti hadi mwisho, kwenye mnyoofu, ile sehemu iliyonyooka.

Unaona tatizo. Mtu akiachiwa huru kuongeza taimingi kwa programu, mota yake ya 17.5 inakimbia kama mota ya namba ya chini zaidi huku kibandiko bado kinasema 17.5. Ndiyo maana madaraja mengi ya stoku yanadai kontrola isiongeze taimingi hata nyuzi moja. Mkaguzi hawezi kufungua programu ya kila gari, kwa hiyo watengenezaji waliweka alama: kontrola ikiwa kwenye hali hiyo ya sifuri, taa yake hupepesa gari likiwa limesimama na mkono haujagusa mafuta. Taa isipopepesa, mkaguzi anahesabu kwamba kuna taimingi imewekwa. Hakukuita mwizi. Mara nyingi dereva amebadilisha mpangilio bila kujua, au amerudisha kontrola kwenye mpangilio wa kiwandani ambao hauna hali hiyo. Fungua mpangilio wako, chagua ule wa stoku au taimingi sifuri, hifadhi, zima, washa tena, uangalie taa kwa macho yako. Fanya hivyo nyumbani, usisubiri uwe kwenye foleni ya ukaguzi.

Kuna jambo moja hapa linalowachanganya hata wazoefu. Kanuni ya taa inagusa taimingi ya kontrola tu. Mota yenyewe ina kifuniko cha nyuma chenye alama za nyuzi, na kwenye klabu nyingi unaruhusiwa kukilegeza na kukizungusha. Ukikizungusha, unasogeza vihisio, na mota inapata taimingi ya kudumu. Hilo ni halali pale kanuni inapoliruhusu, na huenda ndilo mwenzako amelifanya, waziwazi kabisa. Mkaguzi ana mengine ya kuangalia: mota iwe kwenye orodha ya zilizoidhinishwa, betri ya seli mbili isizidi volti 8.4 au kiwango kilichoandikwa kwenye kanuni zenu, uzito wa gari usiwe chini ya kiwango, na wenye kifaa hupima ukinzani wa koili kuona kama waya umebadilishwa. Vyama vikubwa kama ROAR cha Marekani na EFRA cha Ulaya huchapisha orodha za mota zilizopita vipimo vyao, na klabu nyingi hunakili orodha hizo moja kwa moja.

Kuhusu huyo mwenzako, nakuomba usimtuhumu bado. Mota mbili za 17.5 zinaweza kutofautiana kwa sababu nyingi za halali. Gia ndiyo ya kwanza. Tuseme gia yako kubwa ina meno 72, ile ndogo ya kwenye mota ina 30, na gia za ndani ya gari zina uwiano wa 2.6. Gawa 72 kwa 30, zidisha kwa 2.6, unapata 6.24: mota inazunguka mara 6.24 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukiweka gia ndogo ya meno 31, unapata 6.04. Jino moja tu limekupa karibu asilimia 3 ya mwendo wa mwisho, bila kugusa mota. Ya pili ni taimingi ya kifuniko niliyoitaja, ambayo lazima iende pamoja na gia, la sivyo utachoma mota. Halafu kuna beringi chafu, tairi zilizolika zikawa ndogo, solda mbaya inayokula volti, na betri yenye umri mkubwa ambayo kibandiko chake ni kilekile lakini volti zinaanguka pindi mota inapoidai umeme mwingi.

Ila kubwa kuliko zote halimo kwenye gari. Fanya hesabu hii pamoja nami. Magari mawili yenye mota sawasawa yanaingia sehemu iliyonyooka ya mita 25, na yote yanaongeza kasi kwa kiwango kilekile cha mita 4 kwa sekunde kila sekunde. La kwanza limetoka kwenye kona likiwa na mita 8 kwa sekunde. La pili dereva wake alichelewa kugeuza, akateleza kidogo, akatoka na mita 6 kwa sekunde. La kwanza linamaliza mnyoofu kwa sekunde 2.06. Wakati huohuo la pili liko mita 4 nyuma. Mita nne! Kutoka mahali unaposimama na rimoti, utaapa kwamba yule ana mota nyingine. Kumbe alikushinda kwenye kona, mnyoofu umeonyesha tu.

Safari ijayo usiangalie mnyoofu. Simama karibu, umtazame mwenzako anapotoka kwenye kona ya mwisho kabla ya mnyoofu: anaanza kufungua mafuta wapi, gari limeelekea wapi wakati huo, na magurudumu ya mbele yamenyooka au bado yamekatwa. Madereva wengi wanaotoka daraja la wanaoanza huingia kona kwa kasi mno na kutoka polepole. Wenye uzoefu hufanya kinyume: wanapunguza mapema, wanazungusha gari, halafu wanatoka wakiwa wamefungua. Hicho ndicho daraja la kati litakachokufundisha, na mota ya 17.5 hukufundisha vizuri zaidi, kwa sababu haina nguvu ya kufidia kosa lako. Ukipoteza mwendo kwenye kona, unalia mpaka kona inayofuata.

Kuna kipimo kimoja ningependa ukifanye kabla hujaamua lolote. Baada ya mbio, omba karatasi ya muda ya transponda yako, kile kifaa cha garini kinachohesabu raundi, ile karatasi inayoonyesha muda wa kila raundi. Tazama raundi yako bora, halafu wastani wako. Tuseme uwanja wenu ni wa sekunde 20, mbio ni dakika 5, kwa hiyo raundi 15. Mota kali ikikupa nusu sekunde kila raundi, na hiyo ni kama unaimudu, umepata sekunde 7 na nusu kwa mbio nzima. Gari likipinduka mara moja, ukasubiri mtu alinyanyue na uanze tena kutoka sifuri, sekunde hizo zimekwisha karibu zote. Likipinduka mara mbili, mota imekutia hasara. Wastani wako ukiwa umezidi raundi yako bora kwa sekunde moja na zaidi, huna uhaba wa mota. Una raundi mbaya chache za kuondoa, na hizo huondolewa kwa mazoezi, bure.

Sasa nikupimie njia ulizo nazo. Ya kwanza ni kubaki chini na kuendelea kushinda. Ni tamu, lakini inawaumiza wanaoanza kwelikweli, ambao watakukuta wewe mbele kila wiki mpaka wachoke. Kuna watu hujificha madaraja ya chini kwa makusudi ili wabebe vikombe, na msimamizi amekuhamisha mapema ili usije ukahesabiwa miongoni mwao. Mheshimu kwa hilo. Nawe pia utadumaa, maana mtu hujifunza kwa kufuata gari lenye kasi kidogo kuliko lake.

Ya pili ni kupanda na mota yako. Utamaliza katikati au nyuma kwa muda, usijidanganye kwamba hutaumia. Lakini gharama ni ndogo, matengenezo unayajua, na ukiboreka utajua umeboreka wewe. Fainali nyingi hupangwa kwa muda wa mchujo, A ya wenye kasi zaidi, kisha B, C na kuendelea, kwa hiyo hata huko juu utajikuta unapambana na watu wa kasi yako. Kushinda fainali ya C ya daraja la kati kuna uzito kuliko wengi wanavyokiri.

Ya tatu, 13.5. Ningekuunga mkono katika hali mbili tu. Moja, kanuni za klabu zinasema daraja la kati ni la 13.5, hapo hakuna mjadala. Mbili, stoku ya 17.5 kwenu haina watu, magari yote yako kwenye daraja lingine, na ungebaki unakimbia na magari mawili. Kushindana na watu wengi kuna thamani kuliko mota sahihi. Ukilazimika kuiweka, anza na gia ndogo yenye meno machache kuliko uliyozoea, punguza mwisho wa mafuta kwenye rimoti, endesha dakika mbili, simamisha, pima joto la mota kwa kipimajoto cha miale. Madereva wengi hawapendi kuona zaidi ya nyuzi joto 70 na kidogo mwisho wa mbio, kwa sababu sumaku za rota zikizidishiwa joto hupoteza nguvu, na nguvu hiyo hairudi mota ikipoa.

Huko juu kuna adabu ambayo huenda hukudaiwa sana daraja la wanaoanza. Anayekuzidi raundi akija nyuma, mwachie njia mahali palipo wazi, bila kukanyaga breki katikati ya kona. Mbio zako zikiisha, ukipangwa kunyanyua magari ya kundi linalofuata, nenda haraka usimame mahali pako. Watu husamehe mwendo mdogo upesi sana. Wasichosamehe ni kuachiwa gari limelala chali wakati aliyepaswa kulinyanyua yuko mezani anabadilisha tairi.

Mengine hayatatuliki kwa kuandikiana. Kama bado unashuku mota ya mwenzako, zungumza na mkaguzi faraghani. Ana haki ya kuomba mota yoyote ipimwe, na hilo linamlinda hata huyo mwenzako. Kama taa bado haipepesi baada ya kubadilisha mpangilio, mpelekee mkaguzi kontrola siku ya mazoezi, si asubuhi ya mbio, kwa sababu baadhi ya kontrola huhitaji programu mpya na hilo linataka muda. Kama mota yako inapata joto kupita ya wenzako kwa gia ileile, au inatetemeka unapoanza kuondoka, mtafute mtu mwenye kifaa cha kupimia mota aangalie vihisio, waya wa vihisio na rota. Na betri yako ikiwa ya lipo, yaani ya lithiamu, ikivimba, hata kidogo, usiichaji tena wala usiibonyeze kuona kama itarudi. Iweke nje mbali na vitu vinavyoshika moto, uwaulize watu wa klabu wanavyozitupa kwa usalama, na gari lisiingie uwanjani mpaka upate nyingine.